Mtoto Mtoro Anatafuta Kwao

Msikilizaji mpenzi, katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tuliangalie jambo ambalo wengi wetu hulimaliza kwa maneno mawili tu. Mtoto aliyekuwa akilelewa na watu wasio wazazi wake anapotoroka, sisi husema: "Hana shukrani." Hukumu imekwisha kutolewa. Aliyekuwa akimpa chakula anahurumiwa, majirani wanatikisa vichwa, na baada ya juma moja au mawili hakuna anayemtaja tena. Mtoto mwenyewe yuko wapi? Jana alilala wapi? Hayo hayamo katika mazungumzo.

Mimi nadhani maneno hayo yanatuzuia kuuliza swali la maana. Mtoto aliyekuwa na paa, chakula na blanketi, akaviacha vyote akaenda kulala juu ya rundo la nyavu kando ya ziwa, alikuwa anatafuta nini ambacho ndani ya ile nyumba hakikuwapo? Nataka tulijibu swali hilo kwa kuutazama mkoa mmoja ambao kwa maoni yangu unalijua kuliko mikoa mingi nchini. Huo ni mkoa wa Kigoma, na hasa mji wa Ujiji na mialo ya Ziwa Tanganyika.

Hebu tuchukue mfano. Si vizuri kumtaja redioni mtoto wa mtu, kwa hiyo tumfikirie tu kijana mmoja wa miaka kumi na minne. Msikilizaji wa Kigoma hatapata taabu kumjua, maana wa namna yake amewaona. Mama yake alifariki huko vijijini Kasulu. Baba hajulikani alipo. Akaja mtu wa ukoo, akawaambia wazee: "Nipeni huyu, nitamsomesha mjini." Wazee wakashukuru. Mtoto akapanda basi na kifurushi chenye shati moja na kaptura moja.

Mjini alisoma kweli, muhula wa kwanza. Kisha akazaliwa mtoto mchanga katika ile nyumba, akatakiwa mtu wa kumbeba. Kisha genge la mama mwenye nyumba likataka mtu wa kuchota maji. Siku za kwenda shule zikawa tatu kwa juma, halafu mbili. Hakupigwa sana. Hakulala njaa. Lakini watoto wa nyumba walipoitwa kula waliitwa kwa majina yao, naye aliambiwa, "Na wewe njoo." Wageni walipouliza, "Huyu naye nani?" walijibiwa, "Aa, huyu tunamlea tu." Siku moja zikapotea shilingi elfu tano zilizokuwa mezani. Hakuna aliyeuliza nani kazichukua. Wote walimgeukia yeye. Kesho yake alfajiri hakuwapo.

Naomba tuwe waadilifu hapa. Aliyemchukua mtoto huyu si lazima awe mtu mbaya. Huenda alikuja na nia njema, halafu maisha yakambana. Walezi wa namna hiyo ni wengi, na bila wao yatima wengi wa nchi hii wangekuwa wamekwisha kufa. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kumlea mwana wa mwenzio ni kazi mara mbili. Lakini nia njema ya siku ya kwanza haimtoshi mtoto kwa miaka mitano. Mtoto anaweza kukaa katika nyumba miaka mitano akawa bado yuko mlangoni.

Sasa kijana wetu anakwenda wapi? Kama yuko Kigoma, anateremka kwenye maji. Anakwenda Kibirizi, au Katonga, au mwalo wa Ujiji. Huko hakuna anayeuliza cheti. Mitumbwi inarudi alfajiri na dagaa waliovuliwa kwa taa usiku kucha, na kila mkono una kazi. Kuna kushusha ndoo, kuna kuwaanika dagaa mchangani na juu ya vichanja, kuna kuwageuza jua likipanda, kuna kuwafukuza ndege na kuku. Mtoto anaanza kwa kuokota dagaa waliomwagika. Mchana anawauza kwa fungu. Usiku anajikunja juu ya nyavu. Ndani ya juma moja amekwisha kupewa jina la utani, na siku ya kumi anatumwa sigara na wavuvi kana kwamba amezaliwa pale.

Hapo ndipo njia zinapogawanyika, na hapo ndipo kiini cha mazungumzo ya leo.

Akina mama wachuuzi wa dagaa wakimwona mtoto mgeni pale mwaloni, swali la kwanza huwa ni, "Umekula?" Swali hilo ni zuri, nao husikika wakiliuliza sana. Watu wa pwani ya Tanganyika si wachoyo wa chakula. Ugali wa muhogo upo, dagaa wapo, mawese yapo. Lakini kuna swali la pili ambalo ni wachache wanaoliuliza. Linasema: "Mwanangu, nani anajua kwamba uko hapa?" Swali la kwanza linamsaidia mtoto asife leo. La pili linamrudisha katika hesabu ya watu. Anayeliuliza amekwisha kumwambia mtoto kwamba kutokuwapo kwake mahali ni jambo kubwa, na kwamba akipotea tena, safari hii yuko mtu atakayesimama na kuuliza habari zake.

Msikilizaji, nadhani hicho ndicho mtoto mtoro anachokitafuta. Kwao mtu ni pale anapotafutwa akikosekana. Jambo hili mji wa Ujiji umelijua kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, tena umelijua kwa uchungu.

Tunapoutaja Ujiji tumezoea kuwataja Wazungu wawili waliokutana pale mwaka 1871, Livingstone na Stanley. Mwembe unaonyeshwa, picha inapigwa, basi. Lakini wakati huo Ujiji ulikuwa ni mji wa watu wengine kabisa. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na mwanzo wa njia ya kuvuka ziwa kwenda Manyema. Kutoka ng'ambo ya ziwa walivushwa watu kwa mitumbwi, wengi wao vijana na watoto, waliokamatwa vitani au kuuzwa wakati wa njaa. Baadhi walipelekwa hadi pwani. Baadhi walibakia papo hapo Ujiji, kama watumwa, kama wapagazi, kama wafuasi wa wakubwa. Wapo waliotoroka kwa mabwana zao wakaenda kujisalimisha kwa bwana mwingine au kwa wamisionari, ambao walianza kufika ziwani mwaka 1878 na 1879.

Watu hao hawakuwa na kwao. Shangazi alikuwa ng'ambo, kaburi la babu lilikuwa ng'ambo, na wengine walitekwa wadogo kiasi cha kutokumbuka jina la kijiji chao. Walifanya nini? Walifanyana ndugu wao kwa wao. Walishika dini pamoja, wakazungumza Kiswahili pamoja, wakaozana, wakazikana, wakalea watoto wa wenzao. Baada ya miaka wakawa Wamanyema wa Ujiji, watu wenye heshima na mtaa wao, na baadaye uzao wao na wa wenzao ukaenea Tabora, Bujumbura na hadi Kariakoo Dar es Salaam. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria ile haikumpa mtu shangazi wala mjomba. Ujamaa ule walikuwa wamekwisha kuujenga wao wenyewe.

Kwa hiyo mtu akinisomea methali ya "mkataa kwao mtumwa" ili kumlaumu mtoto mtoro, mimi namwomba aende Ujiji akaitafakari upya. Wale waliokuwa watumwa Ujiji hawakukataa kwao. Walinyang'anywa. Na mtoto aliyeondolewa kijijini kwao akiwa na miaka tisa, akapelekwa kwenye nyumba ambayo haikumhesabu, naye hakukataa kwao. Anachokifanya anapotoroka ni kukitafuta.

Nikupe mfano wa mtu mmoja ambaye habari zake zimeandikwa, naye aliishi na kufa kando ya ziwa hili hili. Ukitoka Kigoma kwa meli kuelekea kusini utafika Karema, mahali ambapo leo ni katika mkoa wa Katavi. Pale aliishi mganga wa hospitali aliyeitwa Adrien Atiman. Jina si la Kibende wala la Kifipa, na yeye hakuwa wa huko. Alizaliwa yapata mwaka 1866 mbali sana, karibu na Timbuktu, ukingoni mwa mto Niger. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 mapadre wa shirika la White Fathers walimkomboa kwa fedha, wakampeleka Algiers wakamlea pamoja na watoto wengine waliokombolewa. Baadaye Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, akampeleka kisiwa cha Malta kusomea utabibu.

Mwaka 1889 kijana huyo akafika Karema. Hebu fikiria hali yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa amebadilishiwa mahali mara nne au tano bila kuulizwa. Alikuwa amelelewa na watu wema, lakini hata wema wao ulikuwa na mipango yake. Sasa amewekwa kwenye ufuko wa ziwa ambalo hakupata kulisikia utotoni, kati ya watu ambao lugha yao haijui. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kujiona mgeni duniani kote, ni yeye.

Alikaa Karema miaka sitini na saba, hadi kifo chake mwaka 1956. Alioa binti wa ukoo wa watemi wa Kibende, Agnes Wansahira. Akatibu wagonjwa wakati wa ndui na wakati wa malale, wakati wa Wajerumani na wakati wa Waingereza. Mwaka 1946 maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hakurudi kuishi Niger. Kwao kulikuwa Karema.

Ni nini kilichomfanya mtu wa Timbuktu kuwa mtu wa Karema? Kazi yake ilisaidia, bila shaka. Lakini kazi tu haitoshi, kwa sababu hata mtumwa ana kazi. Tofauti ni kwamba Karema walimpa kazi, halafu wakampa na mke, na wakwe, na nafasi ya kukaa kwenye mkeka msibani. Mtu aliyepewa kazi peke yake, siku kazi ikiisha naye amekwisha. Mtu aliyepewa wakwe anatafutwa hata akiwa mzee asiyeweza kushika sindano.

Mfano wa pili ni wa siku zetu, na ni wa mtu anayejulikana na kila mpenda riadha. Mo Farah alishinda mbio za mita 5,000 na mita 10,000 katika Olimpiki za London mwaka 2012 na tena Rio mwaka 2016. Mwaka 2022 aliieleza dunia kwamba hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa akiitwa Hussein Abdi Kahin. Akiwa na umri wa miaka tisa hivi alichukuliwa Djibouti na mwanamke asiyemjua, akaingizwa Uingereza kwa jina la mtoto mwingine, akawekwa katika nyumba ya watu kuwapikia na kuwaangalia watoto wao. Sasa sikiliza alivyookoka. Shuleni mwalimu wake wa michezo, Alan Watkinson, alimwona mtoto huyu ana furaha akiwa uwanjani tu. Mtoto akamwamini, akamweleza ukweli. Mwalimu akawaarifu watu wa ustawi wa jamii, na mtoto akahamishiwa nyumbani kwa mama wa rafiki yake, Msomali mwenzake, akakaa huko miaka kadhaa. Mwenyewe alisema kwamba tangu hapo alijisikia ametua mzigo mabegani.

Nimeitaja habari hii kwa sababu moja. Kote kule London aliona nyumba, chakula na shule. Aliyemwokoa ni mtu mmoja aliyemwangalia vizuri kiasi cha kuona kwamba kuna jambo, halafu akaipeleka habari kwa wenye mamlaka. Mwalimu hakuishia kwenye huruma. Na mtoto akapewa watu.

Turudi kwetu. Mkoa wa Kigoma haujapata kupumzika na habari za watoto waliotengana na wao. Warundi walikimbilia huku mwaka 1972, wakaja tena mwaka 1993. Wakongo walivuka ziwa mwaka 1996 vita vilipoanza kwao. Na mwaka 2015 wengi tunakumbuka Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji karibu na mpaka wa Burundi. Makumi ya maelfu ya watu walirundikana kwenye ufuko ule mwezi wa Mei, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba, chombo kilichotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua kuwaleta Kigoma mjini. Walipumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kati yao walikuwamo watoto waliofika peke yao, na kambini waliwekwa katika familia za kuwalea.

Sisi watu wa redio tuna sababu ya kuzijua habari hizo. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha familia. Sehemu kubwa ya kipindi ilikuwa majina tu. Fulani wa kilima fulani anamtafuta mdogo wake, mara ya mwisho walionana njia panda mahali fulani. Watu walikaa kuzunguka redio ya betri wakisikiliza majina wasiyoyajua, siku baada ya siku, wakingojea moja. Mtu anayedhani kwamba mkimbizi anahitaji unga na turubai peke yake angeulizwa kwa nini watu wenye njaa walikuwa wakinunua betri. Walitaka kusikia kama wanatafutwa.

Msikilizaji, nimekwisha kusema mazuri ya mwalo. Sasa niseme mabaya yake, maana nisipoyasema nitakuwa nimewadanganya watoto.

Mwalo unaweza kumpa mtoto kwao, na mwalo unaweza kumla. Yuko tajiri wa mtumbwi ambaye akimwona mtoto asiye na mtu hufurahi, kwa sababu mtoto asiye na mtu hana wa kumdai ujira. Anampandisha mtumbwini usiku akamwage maji yanayoingia. Ziwa Tanganyika ni refu kuliko yote Afrika na lina kina kuliko yote Afrika, na upepo wake hauna adabu. Mtoto akianguka usiku ule, nani ataandika jina lake? Jina gani? Pale alijulikana kwa jina la utani. Na mtoto wa kike aliyetoroka, ambaye haendi ziwani, anangojewa na hatari nyingine kwenye vibanda vya pombe na nyumba za kulala wageni, hatari ambayo sote tunaijua na hatuisemi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuacha nafasi ya ubishi. Mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Hairuhusiwi kumfanyisha kazi usiku, tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Na dagaa, msikilizaji, huvuliwa saa ngapi? Sheria imetaja kwenda baharini na kubeba mizigo mizito kuwa kazi za hatari zisizomfaa mtoto, na sidhani kuna mvuvi atakayeniambia kwamba katikati ya Tanganyika usiku ni salama kuliko baharini. Sheria hiyo hiyo inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Inasema pia kwamba mtu yeyote katika jamii akijua haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa. Na imeweka utaratibu wa malezi ya kambo, ili mtu anayetaka kumlea mtoto asiye wake afanye hivyo kwa kujulikana na ustawi wa jamii.

Basi tunawezaje kumtambua aliyempokea mtoto na aliyemtumia, wakati wote wawili wamempa ugali na wote wawili wanaitwa "mama" au "baba"? Ziwa lenyewe limetupa kipimo. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Taa za usiku zikazimwa na vichanja vikabaki vitupu. Katika kipindi kama hicho mtoto hana cha kuanika wala cha kushusha. Hana faida. Basi mwenye kutaka kujua nani ni mtoto wa nyumba na nani alikuwa kibarua, aangalie ni mtoto gani bado anaitwa kula wakati ziwa limefungwa. Na kwa wale wasiokuwa mwaloni, kipimo ni hicho hicho: mtoto unayemlea, siku anaumwa hawezi kuchota maji, katika nyumba yako yeye ni nani?

Najua wapo watakaosema kwamba nawatetea watoro, na kwamba tukiwapokea tunafuga wezi. Siwalaumu, maana wapo waliopokea mtu wakaamka redio haipo. Lakini mtoto anayesukumwa kutoka kila mlango atakula nini isipokuwa kuiba? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa stendi na vijiwe unafunza haraka. Wapo pia watakaosema kwamba Kigoma ni mpakani na mtoto asiye na karatasi anaweza kuwa si wa nchi hii. Nalo ni neno la kweli. Lakini watu wa Kigoma wenyewe wanajua ladha ya swali hilo. Muha akienda Dar es Salaam hutokea akaulizwa kama yeye ni Mrundi, naye huumia. Kumwuliza mtoto anatoka wapi ni lazima. Kumwuliza kama mgonjwa anavyoulizwa na mganga ni tofauti na kumwuliza kama mtuhumiwa. Na kama ni mtoto mkimbizi, hata yeye yako mahali anapotafutwa, na kuna ofisi zenye kazi ya kumtafutia wao.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu wa aina tatu.

Kwanza ni mama au baba wa mwaloni uliyempa mtoto chakula. Umefanya jema, usiliache nusu. Muulize jina lake la kweli na jina la kijiji chao. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, na kwa afisa ustawi wa jamii. Usiogope kwamba utanyang'anywa. Mtoto aliyeandikwa mahali ni mgumu kumdhulumu, na wewe uliyemwandikisha ni mgumu kusingiziwa. Kama huna nauli wala hujui ofisi, simu ya 116 ni ya bure, nayo ni kwa ajili ya mambo ya watoto. Shule ya msingi haina ada, na tangu mwaka 2021 waliokatisha masomo wamefunguliwa mlango wa kurudi.

Pili ni mlezi uliyetorokewa. Usikae kimya kwa aibu. Mtafute. Na ukimpata usianze na fimbo wala hesabu ya ugali aliokula kwako. Mwambie neno moja kwanza: "Tulikuwa tunakutafuta." Huenda asirudi kwako, na huenda ni afadhali asirudi. Lakini neno hilo atakwenda nalo popote, na litamsaidia kuliko shati.

Tatu ni wenzetu wa ofisini. Mtoto aliyetoroka akiletwa kwenu, msiharakishe kumpandisha basi arudi alikotoka kabla hamjamsikiliza. Sheria inasema asikilizwe. Mtoto anayerudishwa mahali alipotoroka bila kuulizwa kwa nini, atatoroka tena, na mara ya pili huenda mbali zaidi.

Wahenga walituambia mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huku na huko chomboni mtu huzunguka, mwisho hurudi ngamani. Lakini ni lazima ngama iwepo. Wapo watoto katika mialo yetu usiku wa leo ambao wamekwenda tezi, wamekwenda omo, na hawajaona pa kurudi. Ujiji ulijengwa na watu wa namna hiyo, na Karema ilipata mganga wake kutoka kwa mtoto wa namna hiyo. Kesho asubuhi mitumbwi itakapofika, watazame wanaoshusha ndoo. Ukimwona mdogo usiyemjua, muulize kama amekula. Akikujibu, muulize na lile swali la pili.

Hadi juma lijalo, msikilizaji mpenzi, nakutakia usiku mwema.